Nyumba za Ibada na Maonyesho ya Sanaa



Leo tuzungumzie jambo linaloonekana la mbali lakini latuhusu: kuweka maonyesho ya sanaa katika nyumba za kale za ibada.

Mei 2015, mjini Venice, Italia, msanii Christoph Büchel alilipa sura ya msikiti kanisa la kale la Santa Maria della Misericordia, lililokuwa limefungwa kwa zaidi ya miaka 40. Akaweka mihrab, akatandika mazulia kuelekea Makka. Mji ule wa kale haukuwa na msikiti, basi Waislamu wakaja wakaswali kweli. Wakuu wa mji wakasema ruhusa ilikuwa ya maonyesho, si ya ibada. Tarehe 22 Mei pakafungwa, baada ya wiki mbili tu, ilhali maonyesho yalikuwa yaendelee hadi Novemba.

Je, ndugu yangu, umeliona funzo? Kwa aliyeswali, sijda ile ilikuwa ya kweli. Kwenye karatasi ilikuwa kazi ya sanaa. Ukitaka mahali pa kuswali, paombe kwa jina hilo hilo.

Sasa turudi kwetu Kenya. Gedi, kule Kilifi, ni mji uliohamwa karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Msikiti wake mkuu hauna paa, na watalii huingia wakapiga picha. Kesho mtu akitaka kutundika sanaa yake pale, tumjibu nini?

Tusikurupuke kusema haramu, wala tusikubali kwa ajili ya pesa. Imepokewa kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) siku ya Idi, naye hakuwafukuza. Imepokewa pia kuwa alimwambia Bi Aisha aondoe pazia lenye picha, kwa kuwa lilimshughulisha katika swala. Basi kipimo tunacho.

Kijana, ukialikwa, uliza matatu. Nani anaswali hapa? Nani katoa ruhusa? Kitu hiki kitamkumbusha mtu Mola wake, au kitamsahaulisha?

Na wewe mwenye kipaji cha khati, usingoje Venice. Loho za duksi na ukuta wa darasa la madrasa vyatosha kuanzia, na wazee watakuja kuona.

Allah atutakabalie funga zetu. Amin.