Kilo Zimesimama: Tuendelee Kutembea ao Tuache?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba katika mkutano wa mwezi, hapa Baraka. Tumeyaandika sawa vile yalisemwa, tukipunguza kidogo.)



Mama prezida ameniomba niseme juu ya kikundi cha kutembea. Mnajua hali iko namna gani. Wakati tulianza, siku ya Posho asubuhi, barabara ilikuwa inajaa vitambaa vyetu. Sasa tunabaki watu saba. Mvua ikinyesha tunabaki wawili, mimi na mzee mmoja mwenye fimbo. Nikapita nyumba kwa nyumba kuuliza sababu, na karibu wote walinipa jibu moja: "Mwanangu, nilitembea, kilo zikashuka, kiisha zikasimama. Sasa niko natembea bure. Afazali nikae kwenye meza yangu sokoni nitafute franga."

Hilo si jibu la uvivu. Mama anayeuza ndagala anaamka usiku kungojea mitumbwi. Saa moja ya kutembea ni saa moja ya soko inayopotea. Ana haki ya kuuliza ile saa inamletea nini.

Kwanza niseme kosa langu. Balanse niliileta mimi. Kila siku ya Posho tulipima kilo mbele ya wote na kumpigia makofi aliyeshuka. Nilifikiri natia watu moyo. Kumbe nilikuwa nafundisha kwamba balanse ndiyo hakimu, na siku ilipoacha kushuka, watu waliona kesi imeisha.

Sasa, juu ya nini kilo zinasimama? Zile za wiki za kwanza zinatoka haraka sababu sehemu moja ni maji tu, yanayokaa pamoja na akiba ya chakula ndani ya misuli na maini. Mafuta yenyewe yanatoka polepole. Kiisha kuna jambo la mzigo. Mtu aliyekuwa na kilo 92 akafika 87, ni sawa na mtu ameshusha bidoni ya lita tano ya maji. Sote tumebeba bidoni, tunajua kutembea mikono mitupu hakuchoshi kama kutembea na mzigo. Mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kwa njia ile ile. Siku moja chakula na kazi vinalingana, na balanse inatulia.

Halafu kuna sufuria. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori karibu 120. Mtu wa kilo 80 akitembea nusu saa kwa haraka, anachoma kama hizo, labda zaidi kidogo. Basi ukirudi nyumbani ukasema "leo nimetembea", ukaongeza mawese kwenye sombe na chupa moja ya sukre, safari yote imerudishwa, na zaidi. Niseme wazi: kutembea peke yake hakushushi kilo nyingi. Aliyewaambia vingine aliwadanganya, na mimi nimo.

Lakini kilo siyo kazi kubwa ya kutembea. Kazi kubwa iko kwenye mishipa na kwenye sukari. Mtu mwenye tansio akizoea kufanya mazoezi, namba ya juu inaweza kushuka kwa pointi 5 mpaka 8, hata kama balanse haikusogea. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na faida hiyo inaendelea siku moja ao mbili, kiisha inaisha. Ndiyo maana mwenye ugonjwa wa sukari haifai apitishe siku mbili mfululizo bila kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya 2020, linaomba watu wazima dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na siku mbili za kazi ya misuli. Halikusema tuache kilo zikisimama.

Kuna mama mmoja kati yetu, amenipa ruhusa niseme bila jina. Tansio yake ilikuwa 14 kwa 9, na kilo zake zilikuwa zimekwama. Akaacha kutembea, lakini dawa hakuacha. Miezi mitatu nyuma yake, 16 kwa 10. Sitasema ni kutembea tu, juu alipata msiba nyumbani. Lakini ameanza tena, na dawa zake zinalipwa na mfuko wetu sote, kwa hiyo jambo hili linatuhusu hata sisi tusiotembea.

Na kubaki kwenye 87 bila kurudi 92, hiyo nayo ni kazi. Marekani kuna watafiti walioanza mwaka 1994 kufuata watu waliopunguza kilo 13 na zaidi, wakakaa hivyo mwaka mzima ao zaidi. Wengi wao walisema wanafanya mazoezi karibu saa moja kila siku.

Iko jambo lingine, wamama waliniambia pembeni. Tulirudi kutoka Lugufu na Nyarugusu tukiwa wembamba, wengine kwa meli kutoka Kigoma. Kule kambini kuni zilikuwa mbali na posho ilihesabiwa. Kunenepa hapa nyumbani kulikuwa alama kwamba tumerudi vizuri. Leo ukikonda kidogo jirani anauliza kama uko mgonjwa. Namuelewa mama anayeogopa hayo macho. Ajibu tu kwamba tansio yake inashuka. Na yule anayekonda bila kutafuta, akikohoa ao akisikia kiu kila saa, huyo aende kituo cha afya mara moja.

Basi tumeongea na komite. Balanse inaingia depo, itatoka mara moja kwa mwezi, na kila mtu atapimwa peke yake. Kila mmoja atakata kamba ya kiuno chake na kuiwekea fundo, juu kiuno kinaweza kupungua wakati kilo zimesimama. Muganga atapima tansio siku hiyo hiyo. Njia nayo itabadilika: tutapanda kilima kidogo, na tutasimama na kuketi kwenye kiti mara kumi, mara tatu. Wenye kulima kila siku wasijilaumu, jembe linahesabiwa.

Dawa zisiachwe. Anayetumia dawa za sukari ale kwanza, na aweke sukari kidogo mfukoni. Viatu vifunike vidole. Kifua kikiuma, simama, tuite moto ikupeleke kwa muganga.

Na saa tumebadilisha. Tutatembea saa kumi na moja ya jioni, kiisha soko, mwanga ukiwa bado uko. Siku ya Posho inayokuja tunaanzia mbele ya ofisi ya chama. Mzee mwenye fimbo amesema atakuwa wa kwanza kufika.