Hesabu za Kuisaidia Nchi Iliyovamiwa

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mwaka 2022 wakulima wengi wa Afrika Mashariki waliuliza swali moja dukani: kwa nini mfuko wa mbolea umepanda bei kiasi hiki? Sehemu ya jibu ilikuwa mbali sana na mashamba yao. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine kwa vita kamili. Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, na nchi zote mbili huuza ngano nyingi nje. Bei ya mbolea, iliyokwisha kuanza kupanda mwaka 2021, ilizidi kupaa, hata serikali ya Tanzania ikaanzisha ruzuku ya mbolea mwaka huo wa 2022. Kwa hiyo vita hivyo si habari ya kusikilizwa redioni tu. Aidha, jinsi nchi rafiki zilivyoisaidia Ukraine ni somo linalomfaa kila katibu mwenye kutunza daftari, maana maswali yake ni yale yale ya chama: nani anatoa, anatoa lini, kwa masharti gani, na nani anaubeba mzigo.

Swali la kwanza ni kwa nini nchi iliyovamiwa isijilipie yenyewe. Mwaka 2022 pato la Ukraine lilipungua kwa karibu asilimia 29. Viwanda vilibomolewa, bandari za Bahari Nyeusi zikafungwa, na mamilioni ya watu wakakimbia makwao. Mapato yalipungua wakati ule ule gharama za ulinzi zilipoongezeka maradufu na zaidi. Serikali ya Ukraine ikapanga mambo hivi: kodi za ndani zilipe askari na silaha, fedha za wafadhili, ambazo wakati huo kwa sehemu kubwa hazikuruhusiwa kutumika kijeshi, zilipe pensheni za wazee na mishahara ya walimu na waganga. Hivyo mshahara wa mwalimu wa kijijini ukawa unategemea kura zinazopigwa katika mabunge ya nchi za mbali.

Fedha hizo zikichelewa, madhara huonekana upesi. Mwaka 2022, misaada ilipokuwa haina utaratibu, Benki Kuu ya Ukraine ililazimika kutoa fedha mpya ili kuikopesha serikali. Mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 27 mwishoni mwa mwaka. Mwaka 2023 misaada ilianza kuja kwa mpango unaojulikana, na Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa dola bilioni 15.6 wa miaka minne. Benki Kuu iliacha kuikopesha serikali, mavuno nayo yakawa mema, na mfumuko ukashuka hadi karibu asilimia 5 mwishoni mwa mwaka. Funzo lake ni kwamba msaada wa wastani unaofika kwa tarehe inayojulikana waweza kufaa kuliko msaada mkubwa usiojulikana siku yake.

Hapo ndipo penye udhaifu wa misaada ya kimataifa. Kila bajeti hupigiwa kura, na kila mpiga kura ana shida zake. Mwishoni mwa 2023 fedha zilizokuwa zimeidhinishwa na Marekani zilikwisha. Bunge la nchi hiyo lilibishana kwa karibu nusu mwaka kabla ya kupitisha, Aprili 2024, sheria ya takriban dola bilioni 61. Umoja wa Ulaya nao ulipanga yuro bilioni 50 kwa miaka ya 2024 hadi 2027, lakini Desemba 2023 mwanachama mmoja, Hungaria, alizuia, na makubaliano yakapatikana tarehe 1 Februari 2024. Mwaka 2025 serikali mpya ya Marekani iliacha kutoa misaada mikubwa mipya, na nchi za Ulaya zikaanza kununua silaha za Kimarekani kwa ajili ya Ukraine. Ahadi ni deni, lakini ahadi haiingizwi katika safu ya mapokezi mpaka fedha zimefika.

Swali la pili ni la zawadi na mkopo. Katika zile yuro bilioni 50, bilioni 33 zilikuwa mkopo na bilioni 17 ruzuku. Mkopo wa masharti nafuu bado ni mkopo. Kufikia mwisho wa 2024 deni la serikali ya Ukraine lilikaribia pato la nchi la mwaka mzima. Deni la vita huishi muda mrefu kuliko vita: Uingereza ilikopa Marekani dola bilioni 3.75 mwaka 1946, ikamaliza kulipa Desemba 2006. Wengi waliolipa walikuwa hawajazaliwa fedha hizo zilipotumika.

Ndiyo maana ilitafutwa njia nyingine. Mali ya Benki Kuu ya Urusi yenye thamani ya karibu dola bilioni 300 ilizuiliwa katika nchi za Magharibi, sehemu kubwa ikiwa Ubelgiji katika taasisi iitwayo Euroclear. Juni 2024 nchi saba tajiri zilikubaliana kuikopesha Ukraine dola bilioni 50, na mkopo huo ulipwe kwa faida inayozaliwa na mali hiyo, pasipo kuugusa mtaji wenyewe. Wapo waliouliza kwa nini mtaji wenyewe usichukuliwe, ilhali aliyebomoa ndiye apasaye kulipa. Ubelgiji ilijibu kwamba yaweza kushtakiwa, na kwamba wenye amana wengine wangeogopa kuweka mali zao huko. Mabishano yalidumu, na Desemba 2025 viongozi wa Umoja wa Ulaya waliamua badala yake kukopa wao yuro bilioni 90 kwa ajili ya miaka ya 2026 na 2027. Mali ya Urusi ilibaki imezuiliwa.

Swali la tatu ndilo zito kupita yote: mzigo unamwangukia nani? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Polandi iliwapokea wakimbizi wengi sana na kutoa vifaru. Lakini Umoja wa Ulaya ulipoondoa ushuru kwa mazao ya Ukraine mwaka 2022, nafaka iliyokusudiwa kupita kwenda masoko mengine ilibaki kwa sehemu katika nchi za mpakani. Bei ya dunia nayo ilikuwa ikishuka. Aprili 2023 Polandi, Hungaria na Slovakia zilipiga marufuku nafaka hiyo, na mwaka 2024 wakulima wa Polandi walifunga vivuko vya mpakani. Haifai kuwaita wakulima hao wachoyo. Gharama iliyopasa kubebwa na bara zima iliwekwa juu ya ghala lao, na fidia ilikuja baadaye.

Swali la nne ni la bidhaa. Umoja wa Ulaya uliahidi kuipatia Ukraine makombora ya mizinga milioni moja kufikia Machi 2024, na kwa tarehe hiyo ilifika karibu nusu tu. Fedha peke yake hazitoshi. Mwenye kiwanda haongezi mitambo kwa agizo la mwaka mmoja. Anataka mkataba wa miaka. Denmark ilifanya jambo la busara ilipoanza, mwaka 2024, kulipia silaha zitengenezwe katika viwanda vya Ukraine yenyewe. Msaada huo ulinunua zana na papo hapo ukaacha ajira na kodi ndani ya nchi iliyovamiwa.

Yuko atakayesema gharama hizi ni kubwa mno. Nchi kubwa za Magharibi zilizosaidia zilitoa chini ya asilimia moja ya pato lao kwa mwaka. Hata hivyo, mwananchi haioni asilimia. Anaiona ankara ya gesi ya kupashia nyumba joto, na mwaka 2022 ankara hiyo ilipanda sana. Serikali isiyomweleza raia wake hesabu hiyo, wala kumpunguzia mzigo aliye dhaifu, itaupoteza moyo wake wa kutoa. Lakini upande wa pili wa daftari nao usomwe: Ukraine ikishindwa, wakimbizi wataongezeka, majirani watatumia zaidi kwa ulinzi, na mwenye nguvu atajifunza kwamba mipaka huvunjwa bila malipo.

Ndugu Wanachama, chama chenye mfuko wa maafa na kizipime hesabu zake kwa maswali haya. Je, michango hutolewa kila msimu, au husubiri nyumba ya mwanachama iungue? Je, anayesaidiwa anajua atapata nini na lini? Je, msaada wake ni zawadi au ni deni, na limeandikwa wazi? Je, mzigo umegawanywa kwa wote, au umeachiwa jirani wa karibu? Mfuko usioweza kuyajibu maswali hayo utajaa siku ya huruma na kuwa mtupu msimu wa pili, wakati mwenye maafa bado hajaezeka nyumba yake.