Kila Kidonda na Kitambaa Chake



Katika upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, watu huumia kwa njia nyingi. Mvuvi hukatwa na matumbawe, mgema huteleza na kisu chake, fundi huchanwa kiganja na bati, na mama akaangaye viazi karai kando ya barabara hurukiwa na mafuta ya moto. Majeraha haya si ya namna moja, lakini mara nyingi hufungwa kwa namna moja: pamba kavu, kitambaa juu yake, na fundo lililokazwa. Siku ya tatu pamba imekwisha gandamana na nyama, na aibanduaye hubandua pia ngozi changa iliyoanza kumea. Basi kidonda huanza upya.

Kabla ya kitambaa chochote, sharti kidonda kioshwe kwa maji safi yanayomiminika. Matumbawe huacha vipande vidogo ndani, navyo visipotolewa, usaha hutunga chini ya plasta iliyobandikwa vizuri. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya sindano, hata ikiwa ni mkwaruzo tu. Spiriti isimiminwe ndani ya kidonda, maana huua nyama nzima pamoja na vijidudu.

Mkato mdogo ambao kingo zake zakutana, plasta yautosha. Damu ikiendelea kutoka, ukandamizwe kwa kitambaa safi kwa dakika 10 pasipo kuchungulia. Mkato ulioachama wataka kushonwa, wala usingojewe mpaka kesho. Tundu la msumari au mwiba lisizibwe kabisa juu, kwa kuwa uchafu umo chini. Nalo laweza kuleta pepopunda, kwa hiyo mtu aulize habari za chanjo yake.

Mchubuko mpana, kama ule wa mtu aliyeanguka na pikipiki, hufaa kufunikwa kwa shashi iliyopakwa vaselini, isishike. Hapo wazee wengi hukataa, wakisema kidonda kiachwe kipigwe na upepo kifanye kigaga. Katika mwaka wa 1962 mtaalamu George Winter aliijaribu habari hiyo huko Uingereza kwa nguruwe. Vidonda vidogo alivyovifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki viliota ngozi upesi karibu mara mbili kuliko vilivyoachwa wazi. Sababu yake yaeleweka: ngozi mpya hutambaa juu ya unyevu, nayo ikikuta kigaga hulazimika kupenya chini yake. Lakini unyevu si kulowa. Ngozi ya kando ikigeuka nyeupe na kukunjamana, kitambaa kimelowa mno na kibadilishwe.

Kwa kidonda kitoacho maji mengi, mahospitali hutumia pedi nene zinyonyazo, na nyingine hutengenezwa kwa mwani wa rangi ya kahawia. Watu wa Pwani watafurahi kusikia hayo, ingawa si ule mwani ulimwao Kibuyuni.

Kuungua ni habari nyingine, na hapa ndipo makosa yalipo mengi. Mahali palipoungua pamiminiwe maji baridi ya kawaida, si barafu, kwa muda wa dakika 20. Na pete au bangili zivuliwe kabla ya kuvimba. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia havifai hata kidogo, maana hufungia moto ndani na kumpa muuguzi kazi ya kuvikwangua huku mgonjwa akilia. Malengelenge yasipasuliwe. Pafunikwe kwa kitu safi kisichoshika, wala si pamba. Palipoungua pakizidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au ikiwa ni usoni, mikononi, kwenye maungio au sehemu za siri, apelekwe hospitali.

Amebaki mgonjwa wa kisukari. Huyu aweza kukanyaga kigae cha chupa pwani ya Mtongwe asisikie kitu, kwa kuwa miguu yake imekwisha kufa ganzi, akaona damu katika kandambili jioni. Haumwi, basi hufunga kitambaa akaenda kazini. Na wengine waliofanya hivyo wamekatwa mguu. Kwake yeye hapana kitambaa cha kuchagua nyumbani ila kile cha kufunikia njiani. Yuko muuguzi katika hospitali ya Likoni na ya Port Reitz, naye akaaye Kisauni aweza kuvuka daraja la Nyali kwenda Hospitali Kuu ya Pwani. Aende siku ile ile, na kandambili alizokuwa amevaa azichukue zikatazamwe.