Saa 72 si nyingi
(Hotuba kwa wanachama)



Wengi wetu tuna jamaa Migori na Homa Bay. Hesabu ya Serikali ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba Homa Bay watu wazima karibu 20 katika kila 100 wana virusi vya ukimwi, na Migori 13. Basi mwanamke akinajisiwa huko, hatari yake ni mbili.

Dawa ya kuzuia virusi ipo. Lazima ianzwe kabla ya saa 72 kwisha, kisha imezwe siku 28. Kwa hiyo aende hospitali upesi, asioge wala asifue nguo zake. Kanuni za mwaka 2012 zasema matibabu hayo ni bure katika hospitali za Serikali.

Lakini mtu wa Mfangano huenda akalazimika kuvuka ziwa kwa mashua. Akikuta zahanati imefungwa, saa zake zinapotea. Stesheni haikai bila mtu wa zamu, mbona zahanati? Tuziulize Kaunti zote mbili: dawa iko wapi, na usiku zamu ni ya nani?

Na mwenye hatia akiwa mwanachama, tusimfiche. Umoja wetu si maficho ya wakosaji.