Kuutunza Mpira wa Mkojo

Fungueni daftari zenu. Neno letu jipya leo ni kibofu. Someni pamoja nami: ki-bo-fu. Kibofu ni mfuko ulio ndani ya mwili, chini ya kitovu, unaoweka mkojo.

Kwa wanaume wazee wengi tezi dume hukua, ikabana njia ya mkojo. Ukishindwa kutoka kabisa, muuguzi huingiza mpira mwembamba mpaka kibofuni. Katika ncha ya ndani mna puto dogo lililojazwa maji, nalo ndilo linalouzuia mpira usichomoke. Basi usiuvute. Puto litaichana njia ya mkojo, na damu itatoka.

Wewe unayemtunza baba nyumbani, au unayefanya kazi katika makao ya wazee, sikiliza vizuri hapa. Mkojo huteremka, haupandi. Kwa hiyo mfuko wa nje sharti uwe chini ya kibofu saa zote, mzee akilala, akikaa au akitembea. Watu wengi wakimgeuza mzee kitandani huuweka mfuko juu ya tumbo lake, ati usianguke. Hapo mkojo hurudi kibofuni pamoja na vijidudu. Utundike ubavuni mwa kitanda, wala usiguse sakafu. Umwage kabla haujajaa, kwa kufungua mdomo wake wa chini. Usitenganishe mpira na mfuko.

Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Kila siku osha mpira pale unapoingia mwilini, kwa maji na sabuni, ukipangusa kutoka mwilini kwenda nje. Mwombe ruhusa kwanza, na mlango ufungwe. Mzee ni mzee.

Mpe maji ya kunywa, ila kama daktari amekataza. Wako wanaomnyima maji ili mfuko usijae upesi. Huo ni ukatili.

Mkojo usipotoka kwa saa chache, tazama kama mpira umejikunja. Ukiunyosha na bado hautoki, mpeleke hospitali mara moja. Fanya hivyo pia akipata homa, akitoa damu, au akianza kuropoka ghafla.

Sasa andikeni: Mpira uliwekwa tarehe... Chini yake: Utabadilishwa tarehe... Tarehe zote mbili mwulizeni muuguzi, kisha karatasi ibandikwe ukutani, karibu na kitanda.