Nusu Saa ya Ndege Si Nusu Saa ya Safari

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mji wa Kale, Mombasa)



Leo sitazungumza juu ya pesa za kikundi, nitazungumza juu ya saa. Wengi wetu hapa Mji wa Kale tuna jamaa Lamu, kwa hivyo jambo hili ni letu.

Mwenzetu mmoja alipigiwa simu saa moja asubuhi: mamake amefariki Lamu. Ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa haikupatikana siku ile, lakini Malindi ilikuwako. Tukaulizia, tukaambiwa kutoka Malindi hadi Manda ni nusu saa tu. Basi sisi wenyewe tukawaambia watu wa Lamu: "Msubirini, adhuhuri atakuwa amefika."

Je, tulidanganywa? La. Kutoka Malindi hadi uwanja wa Manda, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 140. Ndege ndogo ikienda kilomita 300 kwa saa, hizo ni dakika 28. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiipinga, ni dakika 32. Ukiisukuma, dakika 25. Mabaharia wetu wanayajua mambo hayo ya kusi na kaskazi. Kwa barabara ni mbali zaidi, kama kilomita 220, maana gari huzungukia Garsen kuvuka Mto Tana, kisha huishia Mokowe, na hapo ni boti tena.

Sasa tuhesabu safari yenyewe. Kuchanga nauli kulituchukua hadi saa tatu. Matatu kupitia Nyali, Mtwapa na Kilifi hadi Malindi, kilomita kama 120 na msongamano wake, akafika saa sita. Ndege ikaruka saa saba, saa saba na nusu akashuka Manda. Lakini Manda nayo ni kisiwa! Asubiri mzigo, ateremke gatini, asubiri boti, avuke. Alikanyaga Lamu saa nane na robo.

Mamake alikuwa ameshazikwa baada ya adhuhuri. Walimsubiri mpaka wakaona hawana budi. Lau tungewaambia saa nane, wangeweka maziko baada ya alasiri, naye angemsalia mamake. Sikuilaumu ndege. Tulikosea sisi.

Kwa hivyo nawaombeni kila kikundi kifanye mambo matatu:

1. Andikeni safari zenu za lazima, hospitali na msiba, kuanzia mlangoni hadi mlangoni: gari, kungojea, ndege, boti. Jumlisheni zote.

2. Ulizeni mapema, kabla ya shida: ndege huruka siku gani, mwisho saa ngapi, mzigo ni kilo ngapi, na boti hupatikana vipi.

3. Wekeni akiba ya dharura mahali ambapo mweka hazina anaweza kuitoa saa ile ile. Saa zile mbili za kuchanga zilitugharimu kuliko nauli.

Na mkiwapigia simu wanaosubiri, waambieni saa ya kweli, hata ikiwa ni mbaya. Mtu akiijua saa ya kweli anaweza kupanga.

 Karibuni maswali.