Tone Moja la Damu: Biolojia ya Mwaka wa Kwanza Ianzie Wapi?

Biolojia ya mwaka wa kwanza, awe anayesoma ni mwalimu mtarajiwa, muuguzi au daktari, kwa kawaida hupangwa kama ngazi: kemia ya seli, seli yenyewe, tishu, ogani, mifumo ya mwili, urithi, na mwisho kabisa, kama muhula haujaisha, mageuko. Mpangilio huo unamtosheleza mtu ambaye tayari anaijua biolojia. Anayeanza hupokea istilahi juu ya istilahi, akazihifadhi kwenye madesa, akazikariri usiku wa kuamkia mtihani, na mwezi unaofuata zimeyeyuka. Ninachopendekeza ni kuanza na ugonjwa mmoja tunaoishi nao, selimundu, kuufuata hadi ncha yake ya mwisho, na kuziacha istilahi zije pale zinapotakiwa kufanya kazi.

Chukua tone la damu ya mtu aliyerithi jeni ya selimundu. Liweke juu ya kioo, changanya na kemikali ya kumaliza oksijeni, funika kwa kioo chembamba, kisha ziba kingo kwa vaselini hewa isipenye. Mwanzoni hadubini itaonyesha chembe nyekundu za mviringo, zimebonyea katikati, zinapishana bila shida. Subiri. Moja inachongoka, nyingine inapinda, na baada ya muda kila unapotazama ni mundu. Jina lilitoka wapi hakuna haja ya kueleza, Kiswahili kimeshamwambia mwanafunzi. Anachodai sasa ni sababu, na sababu imo ndani ya himoglobini, yenye minyororo 4 ya protini. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ina chaji ya umeme tofauti na ya watu wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, aliipata tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta wenye asidi amino 146, ya sita imebadilika, mahali pa glutamiki pamekaa valini. Valini haipatani na maji, kwa hiyo oksijeni inapopungua molekuli hizo hugandamana na kuwa nyuzi zinazoipinda chembe nzima. Chembe iliyopaswa kuishi siku 120 au karibu na hapo hufa kati ya siku 10 na 20. Damu inapungua, mishipa midogo inaziba, mifupa inauma, wengu unaharibika, figo zinashindwa kukoleza mkojo. Ile orodha ya asidi amino 20, ambayo wiki ya pili ya muhula huwasinzisha wengi, sasa ina mtoto anayelia wodini.

Hapo huzuka swali gumu zaidi. Jeni ambayo, ikirithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, huua watoto kabla hawajafikia umri wa kuzaa ingepaswa kupungua kizazi hadi kizazi. Mbona huku kwetu imeenea? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kwamba imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, palipokithiri malaria, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha hesabu ya watoto 290 wa Kiganda, wenye umri wa miezi 5 hadi miaka 5. Kati ya 43 waliokuwa na jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Mwanafunzi aachiwe namba hizo saa nzima. Ni asilimia 28 dhidi ya 46: je, haiwezi kuwa bahati tu? Kwa nini walipimwa watoto wa umri huo? (Mtu mzima aliyeugua mara nyingi ameshajijengea kinga, na mtoto mchanga bado analindwa na kinga ya mamaye, wote wawili wangeificha tofauti.) Allison alikwenda mbali zaidi, akawaambukiza malaria kwa makusudi Waluo 30, watu wazima wa kujitolea. Kati ya 15 wenye jeni, 2 walipata vimelea. Kati ya 15 wasio nayo, 14. Ushahidi ulikolea, lakini papo hapo darasa litauliza watu hao walielezwa nini kabla ya kukubali, katika Afrika Mashariki ya kikoloni. Silabasi haina nafasi ya swali hilo. Mimi ningelitafutia.

Watakaonipinga watasema kozi ya utangulizi ni ya kupanua upeo, na ugonjwa mmoja unaubana. Kwa sehemu wana haki: usanisinuru hauingii katika selimundu hata ukiulazimisha, na utahitaji wiki zake. Lakini seli, protini, urithi, moyo, mapafu, kinga, vimelea na mageuko vimo vyote, tena vimeshikana. Wengine watataja uhaba wa hadubini kwa madarasa ya mamia. Hadubini moja yenye simu iliyoshikizwa kwenye lenzi yake inatosha kuwaonyesha wengi, na namba za Allison zinataka ubao na chaki tu. Kuhusu lugha sitakaa sana: tangu 1990 tunayo kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia kutoka Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), na anayefanya mtihani kwa Kiingereza hapotezi kitu akiifikiri hoja kwanza kwa lugha anayobishania nyumbani.

Pingamizi zito ni la mwisho. Ndani ya ukumbi wa wanafunzi 300 Tanzania, nchi ambayo makadirio huipa watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, watakuwamo makumi wenye jeni hiyo, na pengine wagonjwa. Somo linaweza kuwageuza kielelezo cha wenzao. Ndiyo maana asitolewe damu mwanafunzi yeyote mbele ya darasa. Lakini kunyamaza hakuwasitiri. Kunawaacha na uvumi. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wanapoambiwa “mmoja kati ya wanne”, wapo wanaoelewa kwamba wakishampata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo: kila mimba huanza upya na robo yake. Anayefaulu swali la Mendel la njegere na bado akamshauri hivyo dada yake, amefaulu nini?

Basi swali la mtihani ningeliweka hivi: jeni ya selimundu ilivuka bahari hadi Marekani ndani ya miili ya watumwa, na leo wajukuu wao wanaishi pasipo malaria. Tarajia nini kuhusu wingi wake katika vizazi vijavyo, toa sababu, kisha taja ushahidi ambao ungekufanya ubadili jibu lako.